Somo la 9: Mkate Kwanza, Maswali Baadaye

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 2:7, Mwa. 18:9–15, Rut. 1:19–22, 1 Fal. 19:1–18, Yer. 4:19, Dan. 1:8–16, Yn 9:1–3, Yn 21:9–17.

Fungu la Kukariri: Isaya 46:4. Kila mwanafunzi alikariri kutoka katika Biblia yake. Ni ahadi ya Mungu kwamba Yeye aliyewabeba watu wake tangu kuzaliwa habadiliki wanapozeeka. Hata kichwa kikiwa na mvi, bado atawachukua na kuwaokoa.

Katika kanisa moja alikuwapo mama aliyetumika kama mkuu wa mashemasi wa kike kwa miaka 11. Vitambaa vya Meza ya Bwana alivifua na kuvipiga pasi kwa mikono yake. Mkate usiotiwa chachu aliuoka mwenyewe siku ya Ijumaa, kabla jua halijazama. Alikuwa mpole, na watoto wa kanisa walimkimbilia kila walipomwona.

Alipofikia umri wa miaka 48, mambo yaligeuka. Usiku aliamka shuka zikiwa zimelowa jasho. Mchana aliingia jikoni akasahau alichofuata. Machozi yalimtoka bila sababu, na baada ya machozi, hasira. Sabato moja, meza ikiwa inaandaliwa, shemasi mpya, binti wa miaka ishirini na kitu, aliangusha sinia la vikombe. Mama yule akamfokea mbele ya watu hadi kanisa zima likanyamaza. Kisha akachukua mkoba wake akaenda nyumbani. Sabato iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata baada ya hiyo.

Mzee wa kanisa alimtembelea kwa nia njema. "Dada," alimwambia, "kuna mahali umempa adui nafasi. Funga siku tatu, umlilie Bwana." Mama akafunga siku tatu, na kwa siku hizo tatu hakupata usingizi kabisa. Mumewe akawaambia ndugu zake kwamba mke aliyemwoa hamwoni tena ndani ya nyumba. Kamati ya uteuzi ilikuwa karibu kukutana, na minong'ono ilikwisha kuanza kwamba jina lake liachwe. Lakini swali lililomtesa mama huyu lilikuwa zito kuliko cheo. Alijiuliza: "Ikiwa nimeomba na moyo haukutulia, je, Mungu ameniacha?"

Juma hili somo linachunguza swali hilo kwa nuru ya Maandiko na kwa kile kinachojulikana kuhusu mwili wa mwanamke anapofikia kukoma hedhi. Linaonyesha pia njia ambayo Mungu huitumia kwa watumishi wake waliochoka. Mara nyingi Yeye hutoa mkate kwanza, na maswali yake huja baadaye.

JUMAPILI

Nafsi Hai

Soma Mwanzo 2:7. Ni vitu gani viwili ambavyo Mungu aliviunganisha, na matokeo yake yalikuwa nini?

Mungu aliumba mwili kwa mavumbi, akatia pumzi ya uhai, na mtu akawa nafsi hai. Maandiko hayasemi kwamba mtu alipewa nafsi iwekwe ndani ya mwili kama maji yanavyowekwa ndani ya mtungi. Mwili pamoja na pumzi ndivyo vinavyofanya nafsi. Waadventista hulifundisha fundisho hili kila wanapozungumzia hali ya wafu. Lakini fundisho hilo hilo lina kazi kwa walio hai pia. Ikiwa mtu ni kitu kimoja, basi kinachougusa mwili huigusa furaha yake, subira yake, kumbukumbu yake, na hata namna anavyojisikia anapopiga magoti.

Ndiyo maana mtu mwenye malaria huweza kuropoka maneno asiyoyamaanisha, na hakuna anayemwita kwenye baraza la kanisa kwa sababu hiyo. Mama aliyejifungua juzi huweza kulia bila kujua anachokililia, na wenye hekima humletea uji. Watu wanaelewa kwamba mwili umepita mahali pagumu. Lakini mwanamke wa miaka 48 anapobadilika, hana homa inayopimika wala mtoto mchanga mikononi. Watu wanaona hasira tu, na haraka wanaanza kutafuta dhambi.

Soma Yohana 9:1–3. Wanafunzi walimwuliza Yesu swali gani walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu? Yesu alilijibuje?

Wanafunzi walidhani kwamba palipo na taabu lazima pawepo mkosaji. Yesu alilikataa wazo hilo, kisha akashughulika na macho ya yule mtu. Rafiki za Ayubu nao walifanya vema walipokaa naye siku saba bila kusema neno (Ayu. 2:13). Walikosea walipofungua vinywa vyao na kuanza kumtafutia kosa.

Hii haimaanishi kwamba kila hasira ni ugonjwa, au kwamba dhambi haipo. Inamaanisha kwamba anayetaka kumsaidia mtu hana budi kumtazama mtu mzima, kuanzia usingizi wake na chakula chake hadi maombi yake.

Ni mara ngapi mtu aliyechoka mwilini amehukumiwa katika familia au kanisa lenu kana kwamba amerudi nyuma kiroho? Matokeo yake yalikuwa nini?

JUMATATU

Desturi ya Sara

Soma Mwanzo 18:9–15. Biblia inasema nini waziwazi kuhusu mwili wa Sara katika aya ya 11?

Wengi huona haya kuzungumzia jambo hili hadharani, lakini Roho wa Mungu hakuona haya kuliandika. Biblia inaeleza kwamba hedhi ya Sara ilikuwa imekoma. Inalitaja kama inavyotaja umri wa Ibrahimu, bila kulifanya aibu. Na katika Waebrania 11:11 Sara huyo huyo amehesabiwa kati ya mashujaa wa imani.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wanawake wengi hufikia kukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Husemwa kwamba hedhi imekoma pale mwanamke anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuiona, pasipo sababu nyingine kama mimba au ugonjwa. Lakini safari yenyewe huanza mapema, na kwa wengi huchukua miaka kadhaa. Katika miaka hiyo mayai hupungua, na homoni mbili kubwa za mwanamke, estrojeni na projesteroni, hazitoki tena kwa mpangilio uliozoeleka.

Wengi hudhani kwamba estrojeni hushuka polepole kama jua la jioni. Sivyo. Katika kipindi cha kuelekea kukoma hedhi hupanda na kushuka ghafla, juma hili juu, juma lijalo chini. Homoni hiyo haifanyi kazi kwenye tumbo la uzazi peke yake. Hufika ubongoni, na huko husaidia kazi ya serotonini, kemikali inayohusika na utulivu wa moyo, usingizi na hamu ya kula. Projesteroni nayo mwili huigeuza kuwa kemikali nyingine inayotuliza ubongo. Inapopungua, mwanamke huweza kupoteza kile kilichokuwa kikimsaidia kulala na kuvumilia.

Tena, estrojeni inapoyumba, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huvurugika. Joto hupanda ghafla kifuani hadi usoni, na usiku jasho humwamsha mtu mara kwa mara. Mtu asiyelala usiku mmoja huwa mkali asubuhi. Asiyelala miezi sita hali yake huwaje? Uchunguzi umeonyesha kwamba katika kipindi hiki hatari ya kupata sonona huongezeka kuliko katika miaka iliyotangulia, hasa kwa mwanamke aliyewahi kuugua sonona zamani.

Si wanawake wote wanaopita njia ngumu. Wapo wanaovuka bila shida kubwa, na wao hawana sababu ya kuwadharau wenzao. Mwili wa mmoja si mwili wa mwingine.

Kwa nini kunyamaza kuhusu jambo ambalo Biblia imelitaja waziwazi kunaweza kumwumiza mwanamke anayelipitia? Mama anaweza kumwandaaje binti yake mapema?

JUMANNE

Tumbo na Moyo

Soma Yeremia 4:19 na Maombolezo 2:11. Nabii anausikia wapi uchungu wake?

Katika mafungu haya neno la Kiebrania linalotumika kueleza mahali pa uchungu wa nabii lina maana ya matumbo, yaani viungo vya ndani. Katika Agano Jipya pia, neno la Kigiriki linaloeleza namna Yesu alivyowahurumia makutano (Mk 6:34) limetokana na neno la viungo vya ndani ya tumbo. Kiswahili nacho kinajua jambo hili. Mwenye wasiwasi husemwa kwamba ana tumbo joto. Lugha za watu ziliuona uhusiano wa tumbo na moyo muda mrefu kabla ya maabara.

Maabara sasa zimeanza kuueleza. Ndani ya utumbo, hasa utumbo mpana, wanaishi bakteria wengi sana, trilioni nyingi, idadi inayokaribia ile ya chembe za mwili wenyewe. Wengi wao si maadui. Hula nyuzinyuzi za chakula ambazo tumbo la mwanadamu haliwezi kuzisaga, na kwa kufanya hivyo hutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kusaidia kupunguza uvimbe mwilini. Tena, karibu asilimia 90 ya serotonini yote ya mwili hutengenezwa katika utumbo. Serotonini hiyo haivuki kuingia ubongoni, lakini utumbo una njia nyingine ya kupeleka habari. Mshipa mrefu wa fahamu unaoitwa vagasi huunganisha ubongo na tumbo, na sehemu kubwa ya nyuzi zake hupeleka ujumbe kutoka chini kwenda juu. Tumbo huzungumza na ubongo zaidi ya vile ubongo unavyozungumza na tumbo.

Hapo ndipo homoni na bakteria wanapokutana. Ini likimaliza kazi na estrojeni, huifunga na kuitoa pamoja na nyongo iingie utumboni ili itoke nje. Lakini baadhi ya bakteria wana kimeng'enya kinachoifungua tena, na sehemu yake hurudi katika damu. Hivyo hali ya bakteria hugusa kiasi cha estrojeni kinachobaki mwilini. Na estrojeni inapopungua, mazingira ya utumbo nayo huweza kubadilika. Ni mazungumzo ya pande mbili.

Mkristo ni mtu wa kweli, naye hasemi zaidi ya anachokijua. Uchunguzi mwingi juu ya bakteria na hisia umefanywa kwa wanyama, na kwa wanadamu kazi bado inaendelea. Hakuna anayeweza kusema kwamba hasira ya mama fulani imeletwa na bakteria fulani. Kwa hiyo asitokee mtu wa kuuza vidonge au unga baada ya ibada, akiahidi kwamba vitaponya huzuni ya kukoma hedhi. Ajabu ya uumbaji haihitaji kuongezewa chumvi (Zab. 139:14).

Kujua kwamba tumbo na moyo vimeunganishwa hivi kunaongeza nini katika namna mtu anavyomsifu Muumba wake?

JUMATANO

Shayiri kwa Naomi

Soma Ruthu 1:19–22 na 2:17, 18. Naomi alisema nini kuhusu jina lake? Kitu cha kwanza kilichoingia nyumbani mwake baada ya maneno hayo kilikuwa nini?

Naomi alirudi Bethlehemu akiwa amefiwa na mume na wana wawili. Alikwisha kuwaambia wakwe zake kwamba umri wa kuolewa na kuzaa umempita. Alikataa kuitwa kwa jina lake la furaha, akataka aitwe Mara, yaani uchungu. Tena alisema waziwazi kwamba Mwenyezi ndiye aliyemtenda mambo machungu. Hakuna anayemkemea katika kitabu chote. Wanawake wa mji walimsikiliza. Ruthu, ambaye naye alikuwa mjane, aliondoka asubuhi akaenda shambani, na jioni akarudi na shayiri, pamoja na chakula alichokibakiza baada ya yeye mwenyewe kushiba. Habari ya mkombozi ilikuja baadaye. Nafaka ilitangulia.

Soma Danieli 1:8–16. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union chakula cha vijana wale kinaitwa mtama. Neno la Kiebrania lina upana zaidi: ni vitu vilivyopandwa, vyakula vitokanavyo na mbegu. Nafaka nzima, maharage, kunde, choroko, dengu, mchicha, matembele, viazi vitamu, matunda, karanga na mbegu za maboga vyote huingia hapo. Vyakula hivi vina nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi ndizo chakula cha bakteria wema. Ugali wa dona una pumba na kiini cha mahindi. Sembe iliyokobolewa imepoteza sehemu kubwa ya hivyo. Familia inaweza kubadili unga bila kuongeza gharama kubwa. Soda na vitafunio vya sukari nyingi, kinyume chake, haviwalishi bakteria hao.

Soya ina kemikali ya mmea inayofanana kwa kiasi na estrojeni. Baadhi ya watu wana bakteria wanaoigeuza iwe na nguvu zaidi, na wengine hawana. Wanawake wawili wanaweza kula soya ile ile, mmoja akaona nafuu na mwenzake asione chochote. Kwa hiyo dada aliyesaidiwa na chakula fulani ashuhudie kwa unyenyekevu, wala asimhesabu mwenzake kuwa hana imani au hafuati kanuni za afya.

Mambo mengine yasiyo na gharama kubwa ni haya: kutembea kwa miguu kila siku, mwanga wa jua la asubuhi, kulala kwa saa zilezile, kuacha kahawa, na kutonunua dawa za antibiotiki dukani bila kuandikiwa na daktari, maana dawa hizo huua hata bakteria wema.

Hata hivyo chakula hakichukui nafasi ya hospitali. Tezi ya shingoni, upungufu wa damu na kisukari huweza kuleta dalili zinazofanana na hizi, na havijulikani bila kupimwa. Mwanamke anayetokwa damu baada ya hedhi kukoma kabisa amwone daktari bila kuchelewa. Anayekosa hamu ya kuishi, au anayewaza kujiua, asiachwe peke yake. Apelekwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Zipo tiba, ikiwamo ya kurudishia homoni, ambayo huwasaidia wengi ingawa haimfai kila mmoja, na daktari ndiye wa kupima. Kupokea tiba si upungufu wa imani. Luka, mwandishi wa Injili, alikuwa tabibu (Kol. 4:14).

Katika mambo yaliyotajwa leo, ni lipi dogo ambalo familia yako inaweza kulianza juma hili kwa ajili ya mtu mmoja nyumbani?

ALHAMISI

Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–18. Orodhesha kwa mfuatano mambo ambayo Mungu alimtendea Eliya. Swali la kwanza kutoka kwa Mungu limetokea katika aya ya ngapi?

Nabii aliyeshusha moto juu ya Karmeli alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Kama angekuwa mshiriki wa kanisa la leo, wengi wangemwuliza imani ya jana imekwenda wapi. Mungu hakuuliza hivyo. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akakiri kwamba safari ni kubwa kuliko nguvu za nabii. Baada ya chakula, usingizi na siku 40 za kutembea, ndipo swali likaja, katika aya ya 9: anafanya nini pale?

Yesu alifuata mpangilio huo huo. Kando ya bahari alimkuta Petro, mtu aliyemkana mara tatu. Makaa yalikuwa tayari, na samaki, na mkate. Walipokwisha kula ndipo alipomwuliza kama anampenda (Yn 21:9–17).

Lakini swali lilikuja. Mungu hakumwacha Eliya aishi chini ya mretemu, wala Yesu hakumwacha Petro na samaki wake. Mkate si kisingizio cha kukwepa swali. Mwanamke anayejua kwamba homoni zake zinayumba bado anawajibika kwa maneno ya kinywa chake, na bado anahitaji kusema "nisamehe." Tofauti ni kwamba sasa anaweza kulijibu swali akiwa na nguvu, wala halijibu kama mtu aliyetupwa. Na baada ya swali, Eliya alipewa kazi mpya: wafalme wawili wa kutiwa mafuta, na Elisha wa kumrithi. Uchovu wake haukuufuta wito wake.

Mume ndiye wa kwanza kupewa nafasi ya yule malaika. Anaweza kufungua dirisha usiku, kumletea mkewe maji, kubeba kazi ya jioni, na kwenda naye hospitali badala ya kumsubiri nyumbani. Petro anawaagiza waume waishi na wake zao kwa ufahamu (1 Pet. 3:7). Mume asiyejua chochote kuhusu kukoma hedhi ataishije kwa ufahamu?

Kama Mungu alimlisha Eliya kabla ya kumwuliza, ni kitu gani kinachowafanya watu wake waulize kwanza, na wakati mwingine wasilete mkate kabisa?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Mwezi wa Juni 1863, kule Otsego katika jimbo la Michigan, Marekani, Ellen White alipata maono yaliyoelekeza macho ya Waadventista kwenye utunzaji wa mwili kama sehemu ya utii kwa Mungu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1866, kituo chao cha kwanza cha afya kilifunguliwa Battle Creek. Katika kitabu chake kuhusu huduma ya uponyaji, kilichotolewa mwaka 1905, aliandika sura nzima juu ya uhusiano wa akili na mwili, akionyesha kwamba kimoja kikiumia, kingine nacho huumia. Ujumbe wa afya haukutolewa ili watu wapimane sahani. Ulitolewa ili waliochoka wapate nguvu ya kuisikia sauti ya Mungu.

Yule mama wa mwanzo wa somo hakusaidiwa kwanza na hoja. Alisaidiwa na muuguzi mstaafu wa kanisa hilo hilo, aliyekwenda kwake siku ya Jumatatu na chupa ya uji wa ulezi. Hakufungua Biblia mara moja. Walikunywa uji. Kisha akauliza, "Mdogo wangu, unalala saa ngapi usiku?" Mama akaanza kulia. "Dada, silali," akajibu. Siku ya Jumatano wakaenda hospitali pamoja, na mumewe naye akaenda. Daktari alipoeleza, mume alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema alidhani mkewe amemchoka. Mambo hayakugeuka kwa siku moja. Yapo majuma aliyolala vizuri na majuma ambayo hakulala. Lakini swali lile zito lilipata jibu: Mungu hakuwa amemwacha. Alikuwa amemtuma mtu mwenye uji.

Mzee wa kanisa alirudi, safari hii akamwomba radhi. Kamati ya uteuzi haikuliacha jina lake. Ilimwongezea msaidizi, na msaidizi huyo alikuwa yule binti aliyeangusha vikombe. Sabato ya Meza ya Bwana ilipofika, wanawake walipokwenda kutawadhana miguu, binti alimfuata na beseni na taulo. "Shikamoo, mama," alisema. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, na kabla binti hajapiga magoti, mama alilichukua lile beseni mikononi mwake. "Leo anza kukaa wewe," alimwambia. "Mimi ndiye niliyekufokea."

Maswali ya Kujadili:

1. Mzee wa kanisa alikuwa na nia njema, naye aliagiza maombi na kufunga, mambo ambayo ni mema. Kosa lake lilikuwa wapi hasa? Angefanya nini tofauti katika ziara ile ya kwanza?

2. Jadilini tofauti kati ya maelezo na kisingizio. Mwanamke anawezaje kuijua hali ya mwili wake bila kuitumia kuhalalisha maneno ya kuumiza? Na walioumizwa wafanye nini?

3. Muuguzi mstaafu alianza kwa uji, kisha swali la usingizi. Ni nani katika kanisa lenu ambaye hajaonekana Sabato mbili au tatu zilizopita? Chagueni, kabla darasa halijafungwa, ni nani atakayekwenda kwake juma hili, na atakwenda na nini mkononi.

4. Huduma za Wanawake na Idara ya Afya za kanisa lenu zinawezaje kushirikiana kuwafundisha wanawake, na waume pia, kuhusu kukoma hedhi? Jadilini ni nani afundishe, na ni mambo gani yazungumzwe pamoja au kwa makundi.

5. Soma tena Isaya 46:4. Kuna faraja gani kwa anayezeeka katika kujua kwamba Mungu hakumbeba akiwa mtoto tu, bali anaendelea kumbeba katika miaka ya mabadiliko?